Wageni Wote Wapite kwa Mwenyekiti

Mwenyekiti wetu ana imani moja ambayo hakuna padri aliyemfundisha: mgeni akiingia mahali, lazima aonane naye kwanza. Ukija kununua mpunga, pita kwa mwenyekiti. Ukija kupima udongo, pita kwa mwenyekiti. Waliwahi kuja mafundi wa kuchimba kisima, mitambo yao iko juu ya lori, na watu huku wanachota maji ya mtaroni. Wakakalishwa kwenye benchi nje ya ofisi asubuhi nzima kwa sababu mwenyekiti alikuwa msibani Mang'ula na hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kusema karibuni. Fundi mmoja alisinzia pale mpaka kofia ikamdondoka.

Imani hiyo ikiishia kwenye benchi, inaudhi tu. Siku ilipoingia kwenye seva ndipo nami nikaitwa.

Nina duka la steshenari karibu na stendi hapa Ifakara. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, natengeneza kompyuta, na kwa kuwa nilipokuwa Morogoro nilisomea mambo ya tovuti, nimebandikwa jina la mtaalamu. Hapa kwetu mtaalamu wa kompyuta huitwa hata pasi ya umeme ikigoma. Sisemi haya kwa kutafuta sifa. Nataka tu ieleweke kwamba nilipoingia kwenye jambo hili nilikuwa na akili timamu, na wateja walikuwa kwenye foleni.

Chama cha wakulima wa mpunga, ambacho mwenyekiti huyu ndiye anayekiongoza, kina tovuti. Mbele kuna kurasa ambazo hazina msomaji: dira, dhima, maadili ya msingi, na picha za watu waliokaa kwenye viti vya plastiki wakimsikiliza mtu aliyesimama. Lakini ndani ya tovuti hiyo kulikuwa na folda moja iliyoitwa shambani, na ndani ya folda hiyo, kama mpangaji wa chumba cha uani, iliishi blogu ya bibi shamba. Hiyo ndiyo watu waliyokuwa wanaisoma.

Bibi shamba ni mama mstaafu aliyezunguka bonde hili lote kwa pikipiki akiwafundisha watu kilimo cha mpunga, mpaka siku pikipiki ilipoteleza kwenye tope la njia ya Sanje na kumvunja mguu. Mguu uliunga vibaya. Sasa anakaa barazani kwake Katindiuka, mguu juu ya kigoda, simu mkononi. Wakulima wanamtumia picha za majani yaliyougua, yeye anaandika. Linki inapita kwenye makundi ya WhatsApp kutoka Katindiuka mpaka Mang'ula, na mtu aliye mbali naye kabisa anajua kesho afanye nini. Aliwahi kuniambia bila kuficha: "Mwanangu, miguu yangu ni hii blogu. Wakiifunga nitabaki kukaa hapa nikitazama bajaji zinavyopita."

Na haandiki kwa kubembeleza. "Wewe uliyeniuliza kama mbegu ya mwaka juzi itaota," aliandika safari moja, "kwanza nijibu kama wali wa mwaka juzi unalika." Kwenye makundi watu walianza kutupiana lile swali, kila mmoja akikana kwamba ni lake. Nilicheka mpaka mteja akaniuliza kama najisikia vizuri.

Basi mwenyekiti akaenda semina Dodoma. Akarudi na begi lenye nembo, na wazo.

"Nimeona tovuti ya wenzetu," aliiambia kamati yake. "Ukiifungua tu, unakutana na mkurugenzi, anakukaribisha. Kwetu sisi mtu anatoka hukohuko alikotoka, anaingia moja kwa moja shambani. Huo ni utaratibu gani?"

Mimi sikuwemo. Nilisimuliwa na bibi shamba, ambaye ni mjumbe wa kamati, na ambaye aliuliza kama mtu anayetafuta dawa ya viwavi anahitaji kukaribishwa na mtu. Akaambiwa asilete utovu wa adabu kwenye kikao.

Kazi hiyo hawakunipa mimi. Alipewa mpwa wa mwenyekiti, kijana anayesoma Dar es Salaam, aliyekuwa amekuja likizo. Akatengeneza ukurasa akauita karibu. Juu kuna picha ya mwenyekiti amevaa suti, nyuma yake shamba zuri la mpunga ambalo si lake na, ukiitazama ile milima kwa makini, wala si la nchi hii. Chini kuna salamu ndefu inayoanza na "Ndugu mgeni" na kuishia na cheo chake kwa kirefu. Kisha kijana akaiandikia seva amri kama alivyoagizwa: kila atakayeingia, apelekwe karibu. Akapanda basi akarudi chuoni.

Kwa asiyezijua seva, zile kompyuta zinazotunza tovuti, niseme tu kwamba ni mtumishi mtiifu kuliko inavyofaa. Ukimwambia "kila", yeye anaelewa kila. Mtu wa Sanje anabonyeza linki ya shambani. Seva inamwambia apite karibu. Simu yake inakwenda karibu. Seva inaona kuna mtu ameingia, inaangalia amri, inamwambia apite karibu. Simu inasema mbona ndiko niliko. Inaambiwa ipite karibu. Wanakwenda hivyo mpaka simu inakata tamaa na kuandika kwamba ukurasa umeelekezwa mara nyingi mno. Aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja anaujua mchezo huu vizuri, tofauti ni kwamba simu inachoka mapema.

Bibi shamba alinipigia asubuhi nikiwa nafungua duka.

"Mwanangu, nimefungiwa nje ya nyumba yangu mwenyewe. Na kimyanga kimeingia."

Kimyanga ni ugonjwa wa mpunga. Majani yanageuka manjano, mmea unadumaa, na asiyeujua anadhani shamba lina njaa. Anamwaga mbolea, anasubiri, na huku ugonjwa unahamia jaruba la jirani. Bibi shamba alikuwa ameandika kila kitu kwa picha: manjano yapi ni ya njaa na yapi ni ya ugonjwa, nini cha kung'oa, na kwa nini usichukue miche kwenye kitalu cha mtu ambaye shamba lake limeshaugua. Maelezo yote yalikuwa ndani ya shambani, na hakuna aliyeweza kuingia. Alituma picha kwenye makundi. Zikazikwa chini ya sala za asubuhi, vichekesho na mtu anayeuza bata. Kuna mama mmoja wa Sanje aliyemtumia picha za mpunga wake uliokwisha kuanza kugeuka rangi, akimwuliza kila siku lile somo liko wapi.

Nikafunga duka, nikaenda ofisini.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuangalia printa?"

"Nimekuja kwa ajili ya tovuti. Haifunguki."

Akageuza kompyuta yake nione. Tovuti ilikuwa wazi, na yeye yumo, na suti yake. Akabonyeza shambani. Ikafunguka.

"Mbona kwangu inafunguka?" aliuliza.

Ningepewa madaraka ya siku moja katika nchi hii, sentensi hiyo ningeipiga marufuku. Kwake ilifunguka kwa sababu mpwa wake aliiagiza seva isimsumbue aliyeingia kwa pasiwedi ya msimamizi, na kompyuta ile haijawahi kutolewa kwenye pasiwedi hiyo tangu siku ilipoingizwa. Mwenye nyumba si mgeni, hilo hata seva ilikuwa imeelezwa. Kwa hiyo katika bonde zima, mtu pekee aliyeweza kusoma habari za kimyanga alikuwa mtu ambaye mashamba yake yanalimwa na wengine.

Kisha akanifungulia takwimu. Ukurasa wa karibu ulikuwa umebishiwa hodi mara maelfu kwa maelfu. Shambani ilikuwa karibu na sifuri.

"Unaona mwenyewe," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Watu wananitafuta mimi. Mama yetu amezeeka, hasomwi tena. Jumamosi kwenye mkutano mkuu nitapendekeza tuifunge hiyo blogu yake. Pale tuweke Neno la Mwenyekiti."

Nikamweleza polepole, kama unavyomweleza mteja aliyeleta simu iliyoanguka chooni na anadai imejizima yenyewe, kwamba ile hesabu ni ya hodi, si ya watu walioingia. Mkulima mmoja akibonyeza linki mara moja, simu yake inabisha kwako mfululizo, halafu inafukuzwa. Wote hawa walikuwa wanamtafuta bibi shamba.

Akanyoosha kidole kwenye ile hesabu. "Lakini hodi wamepiga kwangu."

Nikaomba ruhusa ya kurekebisha, akaniruhusu kwa sharti kwamba picha yake isiguswe, nikampigia mpwa wake anipe pasiwedi.

"Dada shikamoo. Kwani imezingua?"

"Marahaba. Imezingua. Umeandika kila anayeingia apelekwe karibu, hata yule aliyekwisha kufika karibu."

"Daa. Hapo kweli nimechemka."

"Na kwa nini hiyo amri ya kuwaelekeza watu, hiyo ridairekti, umeiandika ya kudumu? Si ungeweka ya muda kwanza, mjaribu?"

"Ni mzee mwenyewe, dada. Nilimuuliza, tuweke ya muda au ya kudumu? Akawaka. Akasema yeye si mwenyekiti wa muda."

Nilicheka, maana nilijua kidonda hicho. Kabla ya kuchaguliwa, mzee wetu alikuwa mwenyekiti wa muda kwa kipindi kirefu mno, watu wakimtania mpaka sokoni, na tangu hapo neno hilo halitamkwi mbele yake. Mama ntilie wa jirani na ofisi alimwomba siku moja asubiri kwa muda, akanyimwa salamu mpaka mavuno.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Niliandika kwamba aliyefika karibu asipelekwe tena karibu, na anayekwenda shambani aachwe aende zake. Nikajaribu kwenye kompyuta ya duka ambayo nilikuwa nimetoka kuiwekea programu upya. Shambani ikafunguka, kimyanga kikaonekana na manjano yake yote. Nikampigia bibi shamba kwa furaha.

"Mama, tayari. Fungua."

Nilimsikia anabonyeza. "Nimefungua. Namwona yeye."

"Yeye nani?"

"Mwenye suti."

Hapo ndipo kile kicheko changu kiliponikaukia. Ridairekti ya muda, simu huuliza upya kila safari. Ya kudumu, simu huambiwa mara moja, ikaiweka amri kichwani, na siku nyingine haiulizi tena. Ukibonyeza shambani inakupeleka moja kwa moja kwa mwenyekiti bila hata kuisikiliza seva. Mimi nilikuwa nimeirekebisha seva. Amri ya mzee ilikuwa imeshaingia kwenye simu za watu.

Na simu za watu gani? Za wale waliojaribu kuingia. Mtu ambaye hajawahi kumjali bibi shamba hata siku moja, mlango kwake ulikuwa wazi. Yule mama wa Sanje aliyebonyeza asubuhi, mchana na jioni, kwake ulikuwa umefungwa kwa kudumu. Ungekaa chini kwa makusudi utunge adhabu ya kuwaadhibu wasomaji waaminifu, usingepata iliyo nzuri zaidi.

Mbaya kuliko yote, nilikuwa nimemfanyia mwenyekiti hisani. Mwanzo simu zilikuwa zinaishia kwenye maandishi ya kushindwa. Sasa ule ukurasa wa karibu ulikuwa unafunguka vizuri, kwa hiyo zilikuwa zinaishia kwenye uso wake. Alinipigia kunishukuru. Alisema sasa ninaonekana nimesomea.

Nilijaribu kumwelekeza mkulima mmoja kwa simu namna ya kufuta kumbukumbu za kivinjari. Akafuta picha za harusi yake. Nikaiacha njia hiyo.

Iliyobaki ilikuwa moja: kuihamishia blogu kwenye folda yenye jina jingine, ambalo hakuna simu iliyowahi kulisikia. Ni kazi ya kunywa chai. Nikaenda Katindiuka kumwambia bibi shamba kwamba nitaifanya hapohapo, kimyakimya, na mzee asijue mpaka Krismasi.

Akakataa.

"Tovuti ni ya chama," alisema. "Nimefanya kazi ya watu maisha yangu yote, sikuwahi kuruka ukuta. Nikiingia kwa kujificha, Jumamosi atasema nimeiba, na atakuwa na haki. Mkutano ndio uamue."

"Mama, watu mpunga wao unakufa."

"Najua unakufa. Kwani mimi ninalala?" Akageuza uso akatazama barabarani. Nilimpenda na kumkasirikia kwa wakati mmoja, na nilirudi dukani nikiwafokea wateja wasio na kosa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Watu wa Mang'ula na Sanje walikuja na magari ya asubuhi, watu wa karibu na baiskeli zao. Bibi shamba aliletwa na bajaji, akapewa kiti nyuma na kingine cha kuwekea mguu. Mimi niliitwa kuendesha projekta, kwa kuwa ni mtaalamu.

Mwenyekiti alifungua kwa sala, akasoma taarifa, akafika kwenye tovuti. Akasoma zile hodi zake kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya uchaguzi. Nilinyoosha mkono kusema kwamba hesabu zile ni za kosa. Akasema taarifa imeshachapwa.

"Sitaki mniamini kwa maneno," aliendelea. "Kila mwenye simu aitoe. Fungueni hiyo linki mliyozoea, ya shambani."

Ukumbi mzima ukainama. Kisha, safu kwa safu, mwenyekiti akaanza kutokea mikononi mwa watu, amevaa suti, kwenye mpunga wa ugenini. Wengine walikuwa naye kwenye kioo kilichopasuka. Alitembea katikati ya viti akijitazama, kulia na kushoto, na sijawahi kumwona mtu mwenye furaha ya wazi namna ile.

"Mnaona?" alisema. "Wote mmekuja kwangu. Sasa, ndugu wajumbe, napendekeza blogu ile tuifunge. Kuna mwenye neno?"

Bibi shamba alikuwa anaangalia mguu wake. Nilijua hatasema, kwa sababu jambo lilikuwa lake. Alisimama yule mama wa Sanje. Sikumjua kwa sura. Nilimjua alipoanza kuongea, kwa sababu alikuwa na jani la mpunga mkononi, la manjano.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Tumekuona."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali.

"Tulikuona wiki iliyopita, na juzi tukakuona. Hata leo alfajiri kabla sijapanda gari nimekuona. Umetukaribisha, na sisi tumekaribia." Aliongea taratibu, kwa heshima yote, kama mtu anayeaga ukweni. "Sasa tunaomba utupishe. Tunakwenda shambani."

Mtu mmoja nyuma akaguna, na kicheko kikapanda kutoka safu za mwisho mpaka kwenye meza kuu, ambako wajumbe wa kamati walikuwa wanajifanya kukohoa. Mwenyekiti alisubiri kiishe.

"Kwani nani amewazuia, mama?"

Yule mama hakucheka hata kidogo. Akaigeuza simu yake imtazame.

"Huyu hapa."

Niliona kwamba hasira yangu yote ya wiki nzima, na maelezo yangu yote ya hodi na takwimu, havikuwa na nguvu ya maneno yale mawili. Nikasimama bila kuitwa, nikasema kwamba blogu haihitaji kufungwa, inahitaji folda mpya, na mkutano ukikubali naihamisha sasa hivi. Watu wakanyoosha mikono. Mwenyekiti alitazama ile mikono kwa muda mrefu, akitafuta pa kuanzia kuihesabu, kisha akasema haina haja.

Nikaihamisha palepale, mbele ya watu, projekta ikionyesha kila kitu. Jina la folda alilitoa bibi shamba kutoka kwenye kiti chake: mpunga. Nikaliandika ubaoni kwa herufi kubwa. Wakaandika kwenye simu zao, na safari hii hakutokea mwenyekiti. Likatokea jani la manjano, na chini yake sauti ya bibi shamba, haibembelezi: ukiona hivi usimwage mbolea, ng'oa leo.

Yule mama wa Sanje alisoma akiwa amesimama, akalilinganisha na jani lake, akasoma tena. Akakunja khanga, akaenda nyuma akamshika bibi shamba mkono, akatoka. Wenzake wa Sanje wakainuka. Wa Mang'ula nao wakainuka. Ilikuwa bado hotuba ya kufunga, na soda zilikuwa hazijagawiwa.

Mwenyekiti aliwatazama wanavyotoka mlangoni mmoja mmoja. Akanisogelea pale kwenye projekta, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna namna ya kuwapitisha kwake wakati wa kutoka.